Nani Mwenye Haki ya Kusema "Bwana Humrudi Ampendaye"?

Katika misiba mingi ya Kikristo niliyohudhuria, kuna aya ambayo haikosi kusomwa marehemu anapokuwa mtoto au kijana. Ni Waebrania 12:6, ambayo katika Biblia ya Union Version husema, "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi, naye humpiga kila mwana amkubaliye." Miaka kadhaa iliyopita niliisikia ikisomwa na mzee wa kanisa katika matanga ya mtoto wa miaka sita. Alikuwa mtu mwema na alikuja kufariji. Usiku tatu mfululizo alilala pale chini ya turubai pamoja na wanaume wengine. Lakini aliposema kwamba Mungu amewapiga wazazi hawa kwa sababu anawapenda, mama wa mtoto aliinuka polepole mkekani, akaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wapishi, akaanza kuosha masufuria yaliyokuwa yameshaoshwa. Hakurudi kuketi mpaka sala ya mwisho.

Tangu siku ile nimeitafakari aya hiyo mara nyingi, na sijafikia uamuzi wa kuikataa. Wapo wanaoikataa, na ninaelewa kinachowasukuma, ila naona wanakwenda haraka mno. Fundisho kwamba Mungu huwarudi watoto wake kwa upendo limo katika Kumbukumbu la Torati, limo katika Mithali na Zaburi, limo katika nyaraka za Paulo na katika Ufunuo. Mtu akiling'oa atang'oa pamoja nalo sehemu kubwa ya yote ambayo Biblia husema kuhusu Mungu kuwa Baba. Ninachokiona mimi ni kwamba fundisho hili lina nafsi yake, nafsi kwa maana ile ya sarufi tuliyofundishwa shuleni. Husemwa katika nafsi ya kwanza. Aliyerudiwa ndiye anayesema kwamba amerudiwa. Likihamishwa kwenda nafsi ya pili, likatamkwa na mtu mzima asiye na jeraha mbele ya mwenye jeraha, maneno hubaki yale yale na maana hugeuka.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu hapa Kiswahili kimetupa utajiri na mtego kwa wakati mmoja. Kwa msemaji wa leo, kurudi ni kwenda ulikotoka, na kijana aliyekulia Dodoma au Nakuru akisoma "Bwana humrudi" anaweza kudhani ni kosa la uchapaji, kwamba ilikusudiwa "humrudia". Katika Kiswahili cha zamani, ambacho wazee wa pwani wangali wanacho, kumrudi mtu ni kumkanya, kumrekebisha, kumwondoa alikopotokea na kumrejesha njiani. Kitenzi ni kile kile. Amrudiye mwanawe humgeuza uso aelekee nyumbani. Hata nguo inayopungua ikishafuliwa husemwa imerudi, na aliyewahi kujibana ndani ya suruali iliyorudi anajua kwamba jambo hilo halina starehe. Watafsiri wa Union Version, waliotoa Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952 ili kuunganisha tafsiri za Kimvita na Kiunguja, walilichagua neno hili wakijua uzito wake.

Nyuma yake kuna neno la Kiyunani, paideia, ambalo limetokana na neno la mtoto. Kwa Wayunani hilo lilikuwa jina la malezi yote yanayomtoa mtoto utotoni na kumfanya mtu mzima: kusoma, muziki, mazoezi ya mwili, namna ya kusema mbele ya wakubwa. Luka anaposimulia katika Matendo 7:22 kwamba Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, kitenzi anachokitumia ni cha ukoo huo huo. Paulo katika Waefeso 6:4 anawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, "bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana", na neno lililofanywa "adabu" pale ni paideia. Katika 2 Timotheo 3:16, Maandiko yanafaa "kwa kuwaadibisha katika haki", na hapo tena ni lile lile. Kisha unafika Waebrania 12, ambako kuanzia aya ya 5 neno hilo ni kurudi na kurudiwa, mpaka aya ya 11 ambapo, bila Kiyunani kubadilika, Kiswahili kinabadilika ghafla: "Kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha, bali cha huzuni."

Neno moja, basi, limepita katika Biblia moja na kutokea likiwa na sura za kufundishwa, adabu, kurudiwa na adhabu. Siwalaumu watafsiri, kwa sababu neno pana hivyo halitoshi katika kibakuli kimoja. Pengine lililo karibu nalo kuliko yote ni kufunda, kama mwali anavyofundwa na somo wake, yaani kungwi, akiambiwa mambo ambayo mengine yanauma na mengine yanaaibisha, na yote kwa ajili ya maisha yanayomngoja. Lakini msikilizaji aliye kanisani hachambui Kiyunani. Hubeba neno la mwisho aliloachiwa, nalo ni adhabu. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990 kwa nia njema ya kurahisisha lugha, iliondoa "humrudi" na kuweka "humwadhibu". Watu wakaelewa upesi zaidi, ila walichokielewa ni mahakama, ilhali mwandishi alikuwa akizungumzia nyumba yenye watoto.

Adabu na adhabu yote tumeyapata kutoka Kiarabu, na huko ni maneno mawili yasiyo na udugu: la kwanza lahusu malezi na mwenendo mwema, la pili lahusu mateso. Katika masikio ya wengi wetu tusiokulia pwani, ambao d na dh hutuponyoka, yanakaribia kuwa neno moja, na hata katika matumizi yameanza kuingiliana, kwa maana mtu akisema "nitamtia adabu yule" hakuna anayetarajia darasa.

Nisionekane ninajaribu kuilainisha Biblia kwa kisingizio cha lugha. Kitenzi hicho hicho cha Kiyunani kinatoka kinywani mwa Pilato katika Luka 23:16, anaposema atamrudi Yesu kisha amfungue, na kila mtu aliyekuwapo alijua kwamba Pilato hakukusudia somo. Tena "humpiga" ya Waebrania 12:6 ni kitenzi cha kupiga kwa mijeledi. Ipo hapo, na haiondoki. Hata hivyo ukiifuata nukuu hiyo mpaka chimbuko lake, Mithali 3:12 katika Kiebrania, humkuti mjeledi: "Kwa kuwa Bwana ampendaye humrudi, kama vile baba mwanawe ampendezaye." Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na wataalamu wengi hueleza kwamba wafasiri Wayahudi walioigeuza Mithali kwa Kiyunani, karne kadhaa kabla ya nyaraka za mitume, walizisoma herufi za "na kama baba" kana kwamba ni kitenzi cha kutia maumivu. Mwandishi wa Waebrania aliinukuu Biblia aliyokuwa nayo mkononi, na Kanisa likaipokea. Mimi naipokea pia. Lakini napenda kukumbuka kwamba chini ya neno lile la mjeledi, katika herufi zile zile, ameandikwa baba.

Baada ya neno, tuwatazame walioandikiwa. Hili ndilo ambalo mahubiri mengi hulipita bila kugeuka. Waebrania hawakuwa watu waliokamatwa katika dhambi fulani. Sura ya 10 inasema kwamba walistahimili mashindano makubwa ya maumivu, walishutumiwa hadharani, waliwaonea huruma wafungwa, na walipokea kwa furaha kunyang'anywa mali zao. Walichoka. Wengine walikuwa wameanza kuacha kukusanyika. Mateso yao yaliwajia kwa sababu waliamini, na ndipo mwandishi akayatazama mateso hayo na kuyaita kurudiwa. Kama kurudiwa maana yake ni kulipizwa kosa, itabidi tuseme kwamba watu hawa walilipizwa kosa la uaminifu, jambo ambalo halina maana hata kidogo. Na mwandishi anakwenda mbali zaidi. Katika sura ya 5 amekwisha kusema kwamba Yesu mwenyewe, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata, huku sura ya 4 ikisisitiza kwamba alijaribiwa sawasawa na sisi bila kufanya dhambi. Mwana asiye na doa lolote alipitia shule hiyo hiyo. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kumtazama mtu anayeteseka na kusoma hesabu ya dhambi zake katika ukubwa wa kidonda.

Picha iliyotawala sura ya 12 ni ya uwanja wa michezo. Inaanza na wito wa kupiga mbio kwa saburi. Inaendelea na "waliozoezwa nayo", neno ambalo Kiyunani chake ndicho chanzo cha jina la ukumbi wa mazoezi katika lugha za Ulaya. Inafika kwenye mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza ambayo yanapaswa kunyoshwa. Mkimbiaji wa kambi ya mazoezi ya Kaptagat, Kenya, anayepandishwa mlima alfajiri, pumzi zikimwishia na mapaja yakiwaka moto, hajiulizi amemkosea nini kocha wake. Anajua kwamba kocha anayempumzisha kila anapolalamika ameshamkatia tamaa.

Hapo ndipo upendo unapoingia, na wahenga wetu walishaligusa jambo hili waliposema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii mara nyingi hutajwa kama kitisho, kana kwamba tofauti ya wafunzaji hawa wawili ni ukali. Sidhani. Mama anaweza kuwa mkali kuliko ulimwengu wote. Tofauti ni kwamba ulimwengu ukishakufunza huenda zake, wala haujali kama umeelewa, wala hauulizi jioni kama umekula. Mama yuko pale pale, na kesho ataanza tena. Waebrania 12:8 husema kwamba wasiorudiwa ni wana wa haramu, na maneno hayo hutukwaza siku hizi, lakini msomaji wa wakati ule aliyaelewa kisheria: katika sheria ya Kirumi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa halali hakuwa chini ya mamlaka ya baba, wala hakuwa mrithi wake. Baba hakusumbuka kumlea. Kurudiwa kulikuwa ishara kwamba jina lako limo katika nyumba ile. Mwandishi anawaambia watu waliopoteza nyumba zao kwamba kuna nyumba ambayo hawajafukuzwa. Na waraka wenyewe katika 13:22 unajiita neno la maonyo, ambalo kwa Kiyunani ni neno lile lile ambalo Paulo hulitumia anapomwita Mungu "Mungu wa faraja yote".

Tena mwandishi hasemi "ninyi" pekee. Baba za mwili wetu walituruDi sisi, anasema kwa maana hiyo, na Mungu hufanya hivyo kwa faida yetu, ili tuushiriki utakatifu wake. Amejiweka ndani ya darasa.

Sasa tumlete Elifazi Mtemani, ambaye angekuwa mwenye busara kuliko wote kama angeendelea kunyamaza. Yeye na wenzake walipofika kwa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kunena neno, na hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya katika kitabu kizima. Kisha Elifazi akafungua kinywa, na katika Ayubu 5:17 akasema: "Tazama, ana heri mtu yule ambaye Mungu amwadhibu, kwa hiyo usidharau wewe kurudi kwake Mwenyezi." Yaweke maneno hayo kando ya Mithali 3:11 uone: ni ndugu wa toka nitoke. Fundisho ambalo katika Mithali ni hekima, na katika Waebrania ni kitulizo, Elifazi alilitamka bila kosa la kiakida hata moja. Mwisho wa kitabu, Bwana anamwambia Elifazi huyo huyo kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, kama Ayubu alivyonena. Ayubu, aliyekuwa amepiga kelele, amelaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu aje kizimbani, ndiye aliyenena sawa.

Sijui sehemu nyingine ya Biblia inayopaswa kumtisha mhubiri kuliko hii. Inawezekana kusema jambo lililo kweli kumhusu Mungu, kwa maneno yanayopatikana katika Maandiko matakatifu, na bado ukahitaji kuombewa na yule uliyemhubiria, kama Elifazi alivyolazimika kuombewa na Ayubu. Kilichopungua hakikuwa usahihi. Elifazi hakuwa amekaa barazani pa Mungu katika sura ya 1, hakujua chanzo cha yaliyompata rafiki yake, na badala ya kukiri kwamba hajui alikopa fundisho zuri na kulitumia kuziba pengo.

Yesu aliwakuta watu wakifanya hivyo hivyo. Walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa kumi na wanane, na watu walikwisha kupima dhambi zao kwa uzito wa mawe; akawaambia wasidhani kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wakaao wote wa Yerusalemu. Kwa kipofu wa Yohana 9 wanafunzi walitaka tu kujua mwenye kosa ni nani, yeye au wazazi wake, na jibu likawa kwamba si huyu wala hao. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa na wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, walevi na wacha Mungu, wote pamoja. Maji hayakuchagua.

Agostino wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliulizwa swali la namna hiyo baada ya Wagothi kuiteka Roma mwaka 410, wapagani na Wakristo wakapatwa na balaa moja. Alijibu kwa mifano ya shambani na karakanani: moto ule ule huing'arisha dhahabu na huyafanya makapi yatoe moshi, na chini ya uzito mmoja wa shinikizo hutoka mafuta na hutoka mashapo. Naona jibu hili ni la thamani kwa sababu linahamisha swali. Tukio lenyewe halina maandishi juu yake yanayosema kama ni kurudiwa au ni ajali au ni uonevu wa mtu mwovu. Kinachojulikana hujulikana katika aliyeshinikizwa, na hujulikana kwa kuchelewa, kama Waebrania 12:11 inavyosema kwamba matunda ya haki huja "baadaye". Mzee wetu chini ya turubai aliisoma aya ya 6 siku ya tatu. Kama angesoma aya tano mbele angekutana na neno hilo, na labda angesubiri.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa. Biblia pia inao watu waliorudiwa kwa sababu ya dhambi zao hasa, na walioambiwa hivyo na watu wengine, usoni. Daudi ndiye mfano ulio wazi. Alimchukua mke wa Uria, akamwua Uria, na nabii Nathani akaja kumwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mtoto aliyezaliwa akafa, na simulizi linakiunganisha kifo hicho na kosa la baba. Sina namna ya kuifanya habari hiyo iwe nyepesi, na ninawashuku wanaoweza. Naweza tu kusema kwamba Nathani alikuwa ametumwa, kwamba dhambi aliyoitaja ilikuwa na jina na kaburi, na kwamba aliyemwendea alikuwa mfalme mwenye uwezo wa kumwondoa kichwa. Manabii wengi wa siku hizi huwaendea wajane; Nathani alikwenda ikulu. Na Biblia yenyewe haikuligeuza tukio hilo kuwa kanuni, kwa kuwa Ezekieli 18 inakana kwa nguvu kwamba mwana atauchukua uovu wa baba yake.

Nathani tena alikwenda na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini, akamwacha Daudi ajihukumu kwa kinywa chake. Jambo hilo hunifanya nifikiri kwamba fimbo ya kwanza ya Mungu ni neno. Katika Ufunuo 3:19 Kristo anasema, "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi", na anaowaambia ni kanisa la Laodikia, watu matajiri waliojiona hawahitaji kitu. Hakuna ugonjwa pale, hakuna jeneza. Kuna barua inayowaambia ukweli wao, na mtu anayebisha mlangoni akitaka kuingia ale pamoja nao. Wengi wetu tumerudiwa hivyo: kwa rafiki aliyetuambia tulivyobadilika tangu tupate cheo, au kwa aya iliyotusimamisha katikati ya usomaji. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kama tungejipambanua nafsi zetu wenyewe tusingehukumiwa, na hapo tumerejea kwenye nafsi ya kwanza.

Hatari kubwa zaidi iko pale ambapo binadamu hujifanya mkono wa kurudi huko. Katika makanisa yetu nidhamu ina msamiati wake: kutengwa, kuzuiwa meza ya Bwana, kusimamishwa huduma, kisha kurejezwa kundini. Msingi wake upo, katika 1 Wakorintho 5, na kanisa lisilomkanya yeyote kwa lolote litakuwa limefanana na yule kocha aliyekata tamaa. Lakini nimeona binti mwenye mimba akisimamishwa mbele ya usharika wote huku kijana aliyehusika akiwa ameketi kwenye benchi la kwaya na daftari lake la nyimbo, na nimesikia aya ya 6 ikitajwa siku hiyo pia. Wanaoipenda 1 Wakorintho 5 mara chache huendelea mpaka 2 Wakorintho 2, ambako Paulo anasema adhabu aliyopewa mtu wa namna hiyo yatosha, na kwamba sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni iliyozidi. Katika kanisa ambalo binti yule alisimamishwa, hakuna aliyeweka tarehe ya kumrejeza. Aliposimama tena kanisani ilikuwa ni katika dhehebu jingine.

Waebrania 12:10 ina sentensi ambayo ingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mchungaji na kila nyumba ya mzazi. Baba za mwili, inasema, waliturudi kwa siku chache "kama walivyoona vema wenyewe". Ni kauli ya upole, na ni ungamo pia: wazazi hukisia, hupiga wakiwa na hasira za kazini, hukosea mtoto na kukosea kosa. Mwandishi anatoka katika malezi hayo yenye kasoro kumwelekea Mungu. Hatoi ruhusa ya kutoka kwa Mungu na kushuka kuvitakasa viboko vyetu. Kenya ilivipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti. Huo ni mjadala wa sheria na malezi ambao una watu wa kuufanya. Atakayeingia humo akiwa na Waebrania 12 mkononi kama kibali cha fimbo atakuwa ameisoma kinyumenyume. Mwanamume anayempiga mkewe na kumnong'oneza kwamba ampendaye humrudi, huyo ametumia jina la Mungu kufunika jinai, na sioni haja ya kumpotezea aya nyingine.

Upande wa pili wapo wahubiri wanaosema kwamba hakuna maumivu yoyote yanayoweza kuwa na mkono wa Mungu ndani yake, na kwamba mwenye imani ya kutosha hupona na hufanikiwa. Hao nitawapita haraka. Waebrania walionyang'anywa mali zao wangewatazama kwa mshangao, na Paulo aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba na asiondolewe angewauliza ni imani kiasi gani iliyompungukia.

Zaburi ya 119 ina aya mbili ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zinazolisema fundisho hili mahali pake hasa. "Kabla sijateswa mimi nalipotea, lakini sasa nimelitii neno lako," inasema aya ya 67, na aya ya 71, "Ilikuwa vema kwangu kuwa naliteswa, nipate kujifunza amri zako." Kwangu. Mtunga zaburi hamwelezi jirani yake maana ya mateso ya jirani. Wala hasemi ni vema. Anasema ilikuwa, akiwa ameshavuka na kutazama nyuma. Nimewasikia watu wakisema hivyo katika ushuhuda, wakubwa kwa wadogo, juu ya ugonjwa au kufungwa au biashara iliyoanguka, na nimewaamini kuliko ninavyoyaamini mahubiri mengi.

Mama yule hajasema hivyo, angalau mbele yangu, na sidhani kama kuna mtu anayemdai aseme. Bado anaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Mzee naye nilimtembelea miezi michache baada ya msiba. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, tukaketi barazani kwake, na baada ya mazungumzo ya mvua na ya kanisa nilimuuliza kwa nini alichagua aya ile siku ile. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba ujanani aliwazika watoto wake wawili katika mwaka mmoja, na kwamba aya hiyo ndiyo iliyomzuia asiiache imani. Alikuwa akiisoma usiku, peke yake, mpaka ukurasa ukachakaa. Nilimuuliza, "Sasa mzee, mbona hukuwaambia wale wafiwa habari hiyo?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mwanangu," akasema, "mhubiri hajihubiri mwenyewe."